Volcano ya Storz & Bickel: kazi ni kulishika joto, sio kulipandisha

Watu wengi wanaoulizia vaporaiza za mezani za majani makavu, yaani mashine zinazotoa mvuke kwenye majani bila kuyachoma, swali lao ni moja tu, ipi inapata moto zaidi. Mi naona wanaanzia pabaya. Chuma chochote ukikipa umeme kitapata moto, kazi ipo kwenye kulishika joto lisiyumbe wakati hewa inapita, na hapo ndipo Volcano, vaporaiza ya kampuni ya Storz & Bickel, ilipo mbele kabisa.

Inatengenezwa Tuttlingen, kusini mwa Ujerumani, mji unaojulikana kwa vifaa vya upasuaji, na imekuwa sokoni tangu 2000. Ndani kuna pande zito la alumini linalopashwa moto, pampu inasukuma hewa ipite kwenye hilo pande, hewa ya moto inapanda hadi kwenye chemba yenye majani, inabeba mafuta yenye harufu na kuingia kwenye puto la juu. Puto likijaa unalichomoa unaenda kukaa zako unavuta taratibu. Majani hayagusi moto hata kidogo, kwa hiyo hakuna moshi wala majivu.

Sasa utamu upo hapa. Kuna mashine za mpira, zile unazovuta mvuke mwenyewe kwa mdomo kupitia bomba la mpira, humo joto linategemea pumzi yako: ukivuta kwa nguvu hewa inapita haraka haijapata muda wa kupata moto, mvuke unakuja mwepesi, ukivuta polepole inakuja kali mpaka koo linawasha, yaani kitufe hujakigusa lakini kila pumzi na ladha yake. Volcano pampu ndio inaamua mwendo wa hewa, mwendo ni ule ule, na lile pande la alumini kwa uzito wake lina akiba ya joto kwa hiyo hewa baridi ikiingia haliporomoki ghafla. Ndio maana puto la leo na la kesho yanafanana, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuilipia.

Volcano nazo zina matoleo, Classic na Hybrid. Classic ina kitufe cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 9, kuanzia kama nyuzi 130 mpaka 226, hakuna kioo, unasubiri taa ya njano izime ndio ujue joto limefika. Hybrid iliyotoka 2019 unaweka nyuzi zenyewe kwenye kioo, 40 hadi 230, inapata moto haraka zaidi, na chemba yake nayo inapashwa kuanzia kwenye kuta, sio hewa peke yake. Ukitaka unaachana na puto unavuta kwa mpira. Na kwamba zote zinaishia huko kwenye 230 ni jambo la maana sana, ukizidi hapo majani yanaanza kuungua na unarudi kwenye moshi ule ule uliokuwa unaukimbia.

Mimi natumia mkaratusi, lavenda na kamomili. Mkaratusi na lavenda 130 inatosha, kamomili inataka 190. Mtu ataniambia mbona sineoli, yale mafuta makuu ya mkaratusi, yanachemka kwenye 176 hivi? Ni kweli, ila nguo kwenye kamba nayo inakauka bila maji kuchemka, hewa ya moto ikipita mfululizo inayabeba mafuta mapema tu. Jamani msianzie juu! Anza chini, harufu yote nzuri iko huko, halafu panda kidogo kidogo kila puto. Mvuke mzuri ni mwepesi na una harufu ya jani lenyewe, ukiona majani yamekuwa kahawia na ladha imeanza kufanana na bisi basi yameisha, mwaga.

Kitu kingine, chemba ikiwa baridi inakula joto, puto la kwanza linatoka hafifu halafu watu wanakimbilia kupandisha namba. Acha pampu iendeshe kidogo chemba ikiwa tupu, ndio uweke majani, makavu na yaliyosagwa sawasawa, ukishindilia hewa inatafuta njia yake pembeni na katikati panabaki pabichi. Na puto usiliweke ukaja kulivuta baadaye, ndani ya dakika kumi liwe limeisha, mvuke unaganda kwenye kuta za plastiki na ladha inakufa. Mwenye pumu aongee na daktari wake kwanza, hilo nasema kwa moyo kabisa.

Kama unatumia mimea ya aina moja na unataka kitu cha kukaa miaka, chukua Classic, haina mambo mengi. Kama unabadilisha mimea mara kwa mara, Hybrid bila kufikiria mara mbili, maana kati ya 130 ya lavenda na 190 ya kamomili zile namba za kuzungusha zitakuchosha. Bajeti iachie nafasi ya maputo na vichujio vya akiba, na kichujio kisafishe kwa spiriti mara kwa mara, kikiziba hewa haipiti vizuri na puto linajaa kwa kusuasua.