Kozi ya mtandaoni kuhusu minara ya kumbukumbu: sheria imefundishwa vizuri, lugha imepunjwa

Nimeifuata kozi hii hadi mwisho, na sababu kubwa ni mihadhara yake ya sheria. Mhadhiri anaanza na ibara ya 1 ya Mkataba wa Urithi wa Dunia wa mwaka 1972 na kuisoma taratibu, hadi mwanafunzi aone kwamba, pamoja na majengo na sanamu kubwa, maandishi ya kale na makazi ya mapangoni nayo yamo katika maana ya mnara wa kumbukumbu. Kisha anageukia sheria ya Marekani ya mwaka 1906, ambayo Rais Theodore Roosevelt aliitumia mwaka huohuo kuulinda Devils Tower kama mnara wa kumbukumbu wa taifa, ingawa ni mwamba ambao haukujengwa na binadamu.

Mhadhara bora kuliko yote ni ule wa Timbuktu, nchini Mali. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa kushiriki kuyashambulia makaburi ya mawalii na mlango wa msikiti wa Sidi Yahia mwaka 2012. Mhadhiri hakuishia kwenye adhabu. Alieleza kwamba wakazi walikuwa wakishiriki wenyewe kuyakarabati makaburi hayo na kwenda kuomba dua hapo, na kwamba majaji waliona uzito wa kosa katika maumivu ya watu hao, wala si katika udongo na mawe peke yake. Sehemu hiyo niliisikiliza tena, kwa kuwa ni nadra kuisikia hukumu ikifafanuliwa kwa uangalifu wa namna hiyo.

Historia imepewa nafasi ya kutosha: tofauti aliyoichora Alois Riegl, mwanahistoria wa sanaa wa Austria, mwaka 1903, kati ya kilichojengwa kwa nia ya kukumbusha na kilichopata hadhi hiyo kwa kupita kwa wakati, inaelezwa bila kuzungushwa.

Somo la lugha ndilo lililonisikitisha. Linataja asili ya Kilatini ya neno la Kiingereza «monument», basi. Haliulizi mfasiri wa sheria afanye nini pale neno kama «mnara», ambalo humpeleka msomaji kwenye kitu kirefu kilichosimama, linapotakiwa kubeba pia pango na jiwe lenye maandishi. Swali hilo ni la kisheria, kwani mlinzi, fundi na diwani huisoma sheria kwa lugha yao.

Kwa wanasheria na wahifadhi naipendekeza bila kusita. Wafasiri watahitaji kutafuta msaada kwingine hadi somo hilo liandikwe upya.