ARCTIC Liquid Freezer III 360: inapoza kweli, ila nyaya zake zisikupite

Kwa prosesa inayokula wati 200 na zaidi, kipozeo hiki cha maji kutoka Ujerumani ni cha kupendekezwa bila kusitasita. Rejeta yake, yaani sehemu inayotoa joto la maji kwenye hewa, ina unene wa milimita 38, wakati nyingi za ukubwa huo zina 27 tu, na waranti ni miaka 6. Ukiweka feni za milimita 25 unafika 63, kwa hiyo pima paa la kasha kabla ya kulipa. Kwenye makasha mengi itagongana na RAM au ubao mama.

Malalamiko mengi ya "inachemka" yanaanzia kwenye nyaya. Ndani ya boksi kuna mbili. Ya kwanza ina plagi moja ya pini 4 inayoendesha pampu, feni ndogo ya VRM (saketi za ubao mama zinazolisha prosesa umeme) na feni tatu za rejeta kwa pamoja. Ni rahisi kufunga, lakini BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) ikipunguza feni ili zisipige kelele, pampu nayo inalegea. Tumia ya pili, yenye plagi tatu: pampu kwenye tundu la ubao mama lililoandikwa AIO_PUMP ikiwa asilimia 100, feni za rejeta kwenye CPU_FAN (usipoweka kitu hapo, bodi nyingi zinalalamika wakati wa kuwaka), VRM popote panapobaki. Kisha hakikisha BIOS inasoma mizunguko ya pampu. Kwa kasi kamili ni takriban mizunguko 2,800 kwa dakika. Ikionyesha sifuri, anza na plagi.

Kama bado inachemka, tazama joto linavyopanda. Fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto, na endesha Cinebench, jaribio la kuchosha prosesa, kwa dakika 10. Joto likiruka mara moja hadi kikomo huku mipira ya kupitishia maji ikiwa baridi, basi halifiki kwenye maji: bamba la shaba linalogusa prosesa limekaa upande, nailoni ya kinga haikubanduliwa, au pampu imesimama. Likipanda taratibu kwa dakika kadhaa, maji yamelipokea ila rejeta haiwezi kulitoa. Hapo mtuhumiwa ni vumbi, feni iliyogeuzwa, au kadi ya michoro inayosukuma hewa moto kwenye rejeta iliyo juu yake. Gusa mipira yote miwili: mmoja ukiwa moto na mwingine baridi kabisa, maji hayatembei.

Wenye prosesa ya Ryzen 9 7950X wasitishwe na nyuzi 95, maana AMD imeipanga ifike huko kwa makusudi. Angalia wati. Ikishika 95 huku ikila karibu 230, kipozeo kinafanya kazi yake. Ikifika 95 kwa wati 120, fungua ukague pesti ya kupitisha joto na skrubu. Na chumba cha nyuzi 33 hakina huruma: hakuna rejeta inayoshusha maji chini ya joto la hewa inayoipitia. Kwa hali hiyo Eco Mode ya wati 105, mpangilio unaopunguza umeme wa prosesa, inasaidia kuliko kuongeza feni.

Kwa prosesa za Intel za soketi ya LGA1700 lazima ung'oe kishikizo cha asili cha prosesa na kufunga fremu ya ARCTIC. Kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Kona moja ikibanwa kupita kiasi, kompyuta inaweza kukataa kuwaka au RAM ya upande mmoja isionekane, na watu huishia kulaumu RAM bure.

Rejeta ikae juu, au mbele huku kichwa chake kikiwa juu ya pampu. Ikiwekwa sakafuni mwa kasha, hewa hukusanyika kwenye pampu, utasikia mgugumio, na baadaye pampu itakufa.

Kasoro zake: haina kihisi cha joto la maji, kwa hiyo unakisia kwa kugusa mipira, na feni ya VRM husikika ikizungushwa kwa kasi.

Ukikutana na Liquid Freezer II, toleo lililotangulia, iliyotumika kwa bei ya kutupa, uliza kwanza kama gasketi (mpira wa kuzuia maji yasivuje) ilibadilishwa. Mwaka 2022 ARCTIC yenyewe ilitangaza kuwa baadhi zilikuwa na mpira wenye salfa nyingi, unaokula shaba ya bamba. Uchafu wake huziba mifereji, na gasketi yenyewe inaweza kuvuja. Kampuni ilitoa vifaa vya kurekebisha bure. Muuzaji asiyejua unachozungumzia, mwachie.