Captain Blood ya 1935: uzoefu wangu baada ya kuitazama mara nne

Nakala ya kwanza niliyonunua ilikuwa pungufu. Watu walikuwa wakizungumzia mambo ambayo sikuyaona yakitendeka, nikaangalia muda: dakika 99. Filamu kamili ni dakika 119, kwa hiyo soma nyuma ya kasha kabla hujatoa pesa. Nakala niliyo nayo sasa ni kamili, picha yake nyeusi na nyeupe imesafishwa vizuri na sauti haikwaruzi. Haina maandishi ya Kiswahili, na Kiingereza chake ni cha kizamani, basi mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumba.

Tuliitazama watatu: mimi, binti wa kaka yangu mwenye miaka 11, na mjomba wangu aliyekula ujana wake kwenye majahazi.

Hadithi inaanza Uingereza mwaka 1685, wakati wa uasi wa Monmouth dhidi ya Mfalme James wa Pili. Peter Blood ni daktari. Anaitwa kumtibu majeruhi, anakamatwa pamoja na waasi, na hakimu Jeffreys hataki kusikia lolote. Wanapakiwa merikebuni hadi Port Royal, Jamaica, kuuzwa. Blood ananunuliwa na msichana aitwaye Arabella kwa pauni 10. Mtoto akanigeukia: "Shangazi, kwani daktari anauzwa?"

Swali hilo ndilo linaloibeba filamu. Karibu nusu nzima hakuna uharamia wowote. Kuna jua, viboko, na gavana mwenye jongo ambaye Blood anamtibu mguu huku akipanga kutoroka. Wakija kuiteka merikebu ya Wahispania, wewe mtazamaji umeshakasirika pamoja nao na unataka kushika kamba. Filamu nyingi za maharamia zinakupa bahari tangu dakika ya kwanza, na ndiyo maana nyingi nimezisahau.

Kuuzwa huko hakukubuniwa. Mamia ya waasi wa Monmouth walipelekwa Karibi kweli, kutumikishwa miaka 10. Lakini kazi ya miwa kule Jamaica ilikuwa mgongoni mwa Waafrika, ambao hawakuwekewa miaka wala kutarajia mfalme mpya wa kuwasamehe kama waasi walivyosamehewa, na filamu inawapita kama hawapo. Iliniuma. Nilisimamisha picha nikamweleza mtoto.

Mjomba alikuwa na macho yake. Merikebu zilipoanza kupigana kwa mizinga alisema, "Hizo ndogo hizo. Tazama povu." Ni kweli, mapigano mengi yalipigwa picha kwa merikebu ndogo za mfano, na maji hayakubali kudanganywa: tone la maji ni lilelile hata merikebu ikiwa ya kuchezea. Hata hivyo hakuacha kutazama. Kilichomshika zaidi ni mapatano ya mabaharia, kwamba aliyejeruhiwa vitani analipwa. Maharamia wa Karibi walikuwa na mikataba ya namna hiyo. Exquemelin, aliyesafiri nao na kuandika habari zao mwaka 1678, anataja sarafu 600 za fedha za Kihispania, kila moja ya reale nane, kwa mkono wa kulia uliokatika. Mjomba akakumbuka mafungu waliyogawana jahazini baada ya safari.

Errol Flynn, anayeigiza Blood, alikuwa na miaka 26, karibu hajulikani, na Olivia de Havilland, ambaye ni Arabella, 19. Ujana wao unaonekana, hasa wanapogombana. Pambano la panga kati ya Flynn na Basil Rathbone, anayeigiza haramia mwingine, kwenye miamba ya Laguna Beach, California, nimelirudia mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Wanateleza, wanahema, na mwishowe wimbi linakuja kumfunika uso aliyeanguka. Muziki wa Korngold, aliyepewa wiki 3 tu za kazi, unapanda na kushuka kama tanga linalopata upepo.

Ipo pia nakala iliyotiwa rangi kwa kompyuta. Sikuipenda, inaua vivuli vya Michael Curtiz, mwongozaji, ambavyo ni nusu ya uzuri wake ukutani na chini ya sitaha.

Kesho yake mtoto aliomba tuiwashe tena. Nilidhani anataka panga, nikapeleka mbele hadi ufukweni. Akakataa. Alitaka turudi pale sokoni, Blood anaposimama juani na watu wanataja bei.