Chaja ya iMAX B6 kwa betri za lipo za baiskeli ya umeme: mwaka mmoja wa kuitumia hapa Bwaise

Nimeitumia hii chaja mwaka mzima sasa, kila siku ukitoa Jumapili, na kama kuna mtu hapa Kampala ana baiskeli ya umeme ya betri za lipo (aina ya lithiamu, lithiamu-polima) na bado anachaji na ile chaja ya waya mbili tu, naomba asome mpaka mwisho, mimi nilipoteza betri nzuri kabisa kwa kutojua.

Kwanza mjue baiskeli yenyewe. Napeleka chapati na mandazi kutoka Bwaise mpaka hosteli za Kikoni na Wandegeya, kreti mbili nyuma, na ule mlima wa Makerere mnaujua. Mota iko gurudumu la nyuma, inakula pakiti mbili za lipo zilizoungwa kwa mfululizo, kila pakiti ina seli sita na ampea-saa 10, zikijaa zote mbili zinatoa volti 50.4. Wenzetu wa bodaboda za umeme kama Zembo au GOGO hawana haya mawazo, betri ikiisha anaenda steshoni anabadilisha, kuitunza ni kazi ya mwenye steshoni. Sisi wa baiskeli betri tunalala nayo chumba kimoja.

Sasa Desemba ya mwaka juzi tukafunga kazi twende Busia kwa wazee wiki tatu. Nikajaza betri zote mbili mpaka juu kabisa, nikiwaza nikirudi nikute ziko tayari, nikaziweka juu ya kabati chini ya mabati. Tumerudi, mke wangu ndo alifungua mlango, akaniita, "Baba Hawa, njoo unuse hapa, kuna harufu kama ya ile dawa ya kutoa rangi ya kucha." Pakiti moja imevimba mpaka plastiki ya nje imepasuka pembeni, ukiibonyeza kidogo ni laini kama mto. Lipo ikikaa imejaa, volti 4.20 kila seli, halafu kwenye joto, ile dawa ya ndani inavunjika inatoa gesi, na ile harufu maana yake tayari inavuja. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, akachukua sindano anataka kuitoboa gesi itoke eti halafu aipige selotepu irudi kazini! Nilimnyang'anya. Jamani, mtu yeyote akikwambia atoboe lipo iliyovimba ondoka hapo, ile dawa inashika moto haraka sana na kibanda chake kilikuwa kimejaa simu na watoto wanacheza mlangoni.

Baada ya hapo ndo nikaanza kuuliza uliza na kusoma, nikajua lipo haihifadhiwi ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Inahifadhiwa katikati, volti 3.8 mpaka 3.85 kwa seli. Betri ya lithiamu ikikaa mwaka mzima kwenye joto la digrii 25, kama iliwekwa imejaa inabaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake, kama iliwekwa na chaji ya asilimia 40 inabaki na kama 96. Na digrii 25 ni kivuli kizuri, sio juu ya kabati chini ya mabati. Aliye Gulu au Arua kwenye joto zaidi apige hesabu yake mwenyewe.

Kwa hiyo chaja. Nilianza kununua moja ya bei rahisi karibu na Old Taxi Park, imeandikwa iMAX kila mahali, kumbe ni feki. Skrini inasema seli ya tatu ina 4.20, nikaweka mita yangu nikapata 4.27. Hiyo tofauti ni ndogo kwa macho ila kwa lipo ni kubwa mno, na muuzaji akakataa kurudisha hela. Ndo nikaagiza ya SkyRC yenyewe, kampuni inayotengeneza ile halisi, pamoja na usafiri nikalipa kama laki mbili na nusu. Ile halisi ina stika ya kukwangua yenye namba unayohakikisha kwenye tovuti yao, msiache kufanya hivyo. Na hata ikiwa halisi, siku ya kwanza pima kila seli na mita ulinganishe.

Uzuri wake uko wapi? Hapa nitakaa kidogo. Ina plagi ya balansi, ule waya mweupe mdogo wa nyuzi saba kwenye pakiti ya seli sita, kwa hiyo inaona kila seli peke yake na inazisawazisha. Chaja ya waya mbili inaona jumla tu, seli moja inaweza kuwa 4.30 na nyingine 4.10 na yenyewe inaona mambo yako sawa. Halafu ina hali ya storeji, yaani ya kuhifadhi betri, na kwangu mimi hiyo ndo sababu ya kuinunua, kuliko hata kuchaji. Unachagua lipo, seli sita, storeji, kama betri iko chini inaipandisha, kama iko juu inaishusha mpaka kwenye 3.8 na inasimama yenyewe.

Ila kushusha kwake ni pole pole sana, na hili wauzaji hawasemi. Inamwaga wati 5 tu. Pakiti yangu moja ina kama wati-saa 222, kuitoa kwenye kujaa mpaka nusu ni saa 22, na zipo mbili. Kwa betri kubwa ya baiskeli hiyo sio njia. Ninachofanya mimi, kama najua kesho siendi kazini, napanda ule mlima bila kuchaji tena, inarudi yenyewe karibu na nusu, storeji inamalizia kidogo tu. Au nachukua balbu ya taa ya lori, ile ya volti 24 wati 70, nafunga kwenye pakiti moja nje uani, na kwenye plagi ya balansi nachomeka kale kapima volti kadogo kenye kengele, nakaseti 3.8. Ndani ya saa moja na nusu hivi kanalia, natoa balbu. Unakaa hapo hapo nayo, balbu inachoma na betri hujui itaamuaje.

Kuchaji nako ni wati 50, yaani kwa pakiti ya seli sita ni kama ampea 2. Saa tano kwa pakiti moja. Kwa betri ni upole mzuri, kwa mtu wa biashara ni shida, kwa sababu mimi sichaji nikiwa nimelala, hiyo sheria sivunji tena. Kwa hiyo moja nachaji mchana nikirudi kutoka raundi ya asubuhi, ya pili jioni mpaka saa nne usiku. Ukiwa na pakiti za ampea-saa 16 au 20 tafuta chaja yenye wati nyingi, hii itakuchosha. Na kitu kingine muhimu: kabla ya kuchaji tenganisha pakiti kabisa, toa ule waya unaoziunganisha. Kuna mtu atanunua chaja mbili aziwashe kwa pawa saplai moja (kile kifaa cha kugeuza umeme wa ukutani) na pakiti zikiwa bado zimeungana, hapo anapiga shoti moja kwa moja.

Kilichonifurahisha sana ni kwamba inakula umeme wa volti 11 mpaka 18, kwa hiyo stima ikikatika naichomeka kwenye betri ya sola ya nyumbani na kazi inaendelea. Angalia tu chanya na hasi usikosee. Hii yangu haina pawa saplai ndani, ya kuchomeka ukutani moja kwa moja ni ile ya B6AC.

Kuhusu pa kuziweka. Nilinunua na lile begi la kuzuia moto, sio baya, linapunguza moto ila moshi unatoka vile vile na ule moshi ni sumu. Sasa natumia chungu kikubwa cha udongo, pakiti ndani ya begi, begi ndani ya chungu, kifuniko nimekilaza tu bila kubana ili gesi ipate njia. Chungu kiko kwenye sakafu ya simenti ambako kuna baridi, mbali na godoro na mapazia, lakini Bwaise mvua ikinyesha maji yanaingia ndani, kwa hiyo nimepanga matofali kozi nne kwanza. Ndoo ya mchanga pembeni. Na waya wa kontrola, kile kifaa kinachoendesha mota, natoa kila siku kazi ikiisha, maana kontrola inanyonya kidogo kidogo hata ukizima swichi, na seli ikishuka chini ya 3.0 ukirudi unakuta imekufa. Ukiwa njiani haina shida, yangu inakata kwenye volti 42, ambayo ni 3.5 kwa seli.

Nyota naipa nne kati ya tano, moja nimekata kwa ajili ya zile wati 5.

Desemba hii iliyopita tukaenda tena Busia, wiki tatu zile zile. Safari hii niliacha zote kwenye storeji ndani ya chungu, ile pakiti ya zamani iliyobaki na mpya niliyonunua. Tumerudi usiku, hata mabegi sijashusha nikaenda kupima na tochi ya simu: 3.82, 3.82, 3.82, 3.81, 3.82, 3.82. Ya pili zote 3.83, na zimelala bapa kama nilivyoziacha. Nikaweka ya kwanza kwenye chaja, mke wangu akaanza kuchekecha unga wa asubuhi.