Uzoefu wangu: Orvieto kwa treni ya mkoa, kabla ya mkutano wa Roma

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya ngazi na saa za kula, nitaeleza mbele. Ila kwa mtu anayekwenda Roma kikazi na ana siku moja ya kujivinjari kabla kikao hakijaanza, sijaona safari inayoishinda hii ya Orvieto, mji wa kale juu ya jabali katika mkoa wa Umbria. Wengi wakipata siku ya namna hiyo hukimbilia Venice. Hata kwa treni ya kasi, kwenda peke yake ni kama saa nne, na nauli hupanda kadiri tarehe inavyosogea. Unarudi usiku miguu imevimba, na saa tatu asubuhi unatakiwa usimame mbele za watu utoe mada.

Kabla ya treni kuna viza. Barua ya mwaliko hutaja siku za mkutano tu, na ofisa wa viza huanzia hapo. Siku ya ziada itaje kwenye fomu tangu mwanzo, nafasi ya hoteli ianzie siku hiyo, na bima ya safari, ile ya angalau euro 30,000, iifunike nayo pia. Ukiweza kupata barua fupi ya mwajiri inayosema kwamba siku hiyo ni likizo yako na unajilipia, iambatanishe. Na kweli utajilipia: posho huanza kuhesabiwa siku ya mkutano, na kwa mhasibu hakuna undugu.

Sasa treni yenyewe, ile ya mkoa, yaani ya kawaida isiyo ya kasi. Inaondoka Roma Termini, kituo kikuu cha treni cha Roma, na inafika Orvieto kwa muda wa saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Nauli ni ileile ukinunua mwezi mmoja kabla au dakika kumi kabla, kwa hiyo hakuna sababu ya kukata tiketi ukiwa bado nyumbani, ndege ikichelewa hupotezi kitu. Viti havina namba, unakaa unapopapenda. Tiketi ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye kimashine kilichopo kituoni kabla ya kupanda. Ya kwenye simu unaithibitisha mwenyewe kabla treni haijaondoka. Mkaguzi hana mchezo na hilo, na faini yake inaweza kuizidi nauli mara kadhaa. Angalia pia ubao wa safari mapema: pale Termini ukiona jukwaa la treni yako limeandikwa Est (mashariki), ongeza mwendo, majukwaa hayo yako mbali na lango kuu.

Kituo cha Orvieto kiko bondeni na mji uko juu ya jabali. Ukitoka nje tu unaona kituo cha kigari cha kamba kinachopanda mlimani. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1888, enzi hizo ikivutwa kwa uzito wa maji, siku hizi ni umeme. Dakika chache uko juu, na hatua chache kutoka hapo kuna kisima cha San Patrizio, ambacho kwangu mimi ndicho kilicholipa nauli yote.

Papa Clement VII alikimbilia mji huu baada ya Roma kutekwa na kuporwa mwaka 1527, akaamuru kichimbwe kisima ili mji ukizingirwa watu wasife kwa kiu. Kina chake ni mita 50 na ushei. Fundi wake, Antonio da Sangallo, alizungusha ngazi mbili kukizunguka shimo, moja ya kushuka na nyingine ya kupanda, kila moja na mlango wake, ili nyumbu waliobeba maji wasikutane njiani. Zote mbili zina madirisha yanayotazama ndani ya shimo. Nikiwa nashuka niliwasikia watoto wakicheka ng'ambo, nikachungulia, nikaona mikono yao dirishani mita chache mbele yangu. Wao walikuwa wanapanda, na hakuna mahali ambapo tungepishana. Chini kabisa kuna kidaraja juu ya maji na baridi ya kutosha kukufanya utafute koti. Halafu zinabaki ngazi 248 za kurudi juu. Mwenye magoti mabovu aishie mlangoni.

Kanisa kuu, lililoanza kujengwa 1290, liko kama kilomita moja ndani ya mji. Utembee au upande basi dogo. Uso wake una michoro ya vigae vya dhahabu, na jua la alasiri linaupiga sawasawa. Sitasema zaidi, picha zake ziko kila mahali.

Chakula kinahitaji mpango. Jikoni nyingi hufungwa kati ya saa nane na nusu na saa tisa alasiri, hazifunguliwi mpaka jioni, kwa hiyo kula kwanza kisha uzunguke. Sisi tusiokula nguruwe tuulize kila sahani, maana mkoa huu wa Umbria hupika sana nguruwe, wa kufugwa na wa mwitu, na hata mchuzi wa nyanya unaweza kuwa na mafuta yake. Mimi niliagiza umbrichelli, tambi nene za kusokotwa kwa mkono, pamoja na uyoga wa tartufo. Tamu. Mkate wao hauna chumvi, usidhani mpishi amesahau.

Jambo la mwisho ni migomo. Reli za Italia hugoma, ila hutangaza kabla. Siku za kazi kuna treni ambazo lazima zitembee hata kukiwa na mgomo, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Angalia tangazo jioni ya kuamkia safari, na upange kurudi ndani ya saa hizo. Ukishuka Termini, metro ya mstari B inakufikisha Circo Massimo, mlangoni pa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa vituo vichache tu.