Betri ya N70 kwa pikapu kuukuu ya dizeli: ya vifuniko au iliyofungwa?

Ukiingia duka la betri Kirinyaga Road au Eneo la Viwanda jijini Nairobi na kusema una pikapu kuukuu ya dizeli, tuseme Hilux ya injini iitwayo 2L au 3L (ni majina, si lita), kwa kawaida utaonyeshwa betri za ukubwa wa N70 za aina mbili. Moja ina vifuniko sita juu. Nyingine imefungwa kabisa na ina jicho dogo la kuangalia chaji. Muuzaji atakusifia hiyo ya pili kwa kuwa haihitaji kuongezwa maji. Kwa gari jipya tungekubaliana naye. Kwa pikapu iliyopita miaka ishirini tunachagua ya vifuniko, na sababu yetu ni alteneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka.

Alteneta nzima huchaji kati ya volti 13.8 na 14.4. Regileta yake, yaani kidhibiti cha chaji, ikichoka, chaji hupanda hadi 15 na zaidi, na maji ya betri hugeuka gesi yakapotea. Betri ya vifuniko hukuonyesha jambo hili mapema. Maji ya seli zote sita, yaani vyumba vya ndani vya betri, yakishuka chini ya mstari kila baada ya wiki chache, chaji imezidi. Yakishuka ya seli moja peke yake, ama seli hiyo imeharibika ama kasha lina ufa. Iliyofungwa haikuonyeshi lolote hadi asubuhi ya baridi ya Julai itakapogoma. Lile jicho lake nalo husoma seli moja tu kati ya sita, kwa hiyo linaweza kuwa kijani huku seli ya upande wa pili imekufa.

Kabla ya kutoa pesa hakikisha betri ndiyo yenye kosa, maana betri nyingi hubadilishwa bila sababu. Iache gari lilale usiku kucha, kisha pima kwa multimita asubuhi kabla hujafungua swichi. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa, 12.2 ni takriban nusu, na 12.0 ni karibu kuisha. Ukisoma kama 10.5 hata baada ya kuichaji, seli moja imekufa na hakuna dawa. Halafu mwenzako apige stata ukiwa umeshika nyaya za mita: volti zikiporomoka chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa imejaa, imechoka. Zikibaki juu ya 10 na stata bado inavuta kwa uvivu, angalia waya wa hasi unaokwenda kwenye injini na bodi. Gusisha mita kati ya kichwa cha hasi na chuma cha injini huku stata ikizunguka. Zaidi ya nusu volti inamaanisha waya huo umeoza au nati yake imeshika kutu. Kwenye pikapu kuukuu kosa hili ni la kawaida mno, na waya mpya ni rahisi kuliko betri yoyote.

Kwa betri ya vifuniko kuna kipimo bora zaidi, hidromita, inayopima uzito wa asidi ndani ya seli. Seli iliyojaa husoma kama 1.265 hadi 1.280, na iliyobaki nusu hukaribia 1.20. Tofauti ya zaidi ya 0.050 kati ya seli na seli inakuambia betri inaelekea mwisho, hata kama leo bado inawasha gari. Kipimo hiki hakiwezekani kwa betri iliyofungwa.

Sasa ukubwa. N70 ni ya Ah (ampea-saa) 70, urefu wake ni karibu mm 306 na upana 173. Lebo nyingine huandika 75D31, ambapo 31 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho, R au L, huonyesha upande ambao kichwa cha chanya kimekaa. Herufi hiyo ikikosewa, waya wa chanya haufiki na fundi huanza kuuvuta hadi unasuguana na chuma. Beba betri ya zamani dukani uzilinganishe kichwa kwa kichwa. Usikubali N50, iliyo ndogo zaidi, eti ni nafuu. Stata ya dizeli na hita plagi, plagi za kupasha moto injini kabla ya kuwaka, hunyonya umeme mwingi kwa pamoja, na betri fupi isiyojaza trei hutikisika kwenye mashimo hadi sahani za risasi zinamomonyoka ndani.

Betri za vifuniko nyingi huuzwa kavu na asidi humiminwa pale dukani. Hapa ndipo duka zuri hutofautiana na duka la haraka. Baada ya kumimina, betri inatakiwa kutulia dakika 20 hadi 30, ijaziwe tena hadi mstari, kisha ichajiwe kwa ampea 5 hadi 7 mpaka ijae. Duka linalokukabidhi baada ya dakika tano limekuuzia betri isiyojaa, na alteneta ya gari linalotambaa kwenye foleni ya Jogoo Road haitaimalizia. Subiri, au rudi jioni. Risiti iandikwe tarehe na namba ya betri, la sivyo waranti itakuwa maneno matupu.

Kufunga ni kazi ya dakika 15 na spana namba 10. Fungua hasi kwanza, kisha chanya, kisha chuma kinachoishikilia. Kufunga ni kinyume, hasi iwe ya mwisho. Wakati wa kufungua, ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zitaruka, na gesi ya betri hulipuka. Osha trei na vibano vya nyaya kwa kijiko cha baking soda kwenye kikombe cha maji moto, hadi povu likome, lakini tone lisiingie kwenye seli. Kibano kisipigwe nyundo. Kipanue kidogo kwa bisibisi kishuke chenyewe. Kaza, ndipo upake grisi au mafuta ya mgando juu yake. Chuma cha kushikilia kikazwe hadi betri isitikisike kwa mkono, bila kupinda kasha.

Baada ya hapo, fungua vifuniko mara moja kwa mwezi. Maji yafunike sahani kwa mm 10 hadi 15. Ongeza maji yaliyokenekwa pekee, na hapa uwe makini sana, kwa kuwa mitaani jina "maji ya betri" huitwa yote mawili, maji na asidi. Soma chupa. Asidi ikiongezwa mahali pa maji hula sahani, na maji ya kisima yana chumvi zinazoua seli polepole. Mkanda wa alteneta ukilia au kulegea, ukaze. Gari likikaa wiki mbili bila kuendeshwa, toa waya wa hasi, hasa kama lina kifaa cha kulifuatilia au alamu.

Betri kuukuu ipeleke dukani ikiwa imesimama wima. Maduka mengi hukupunguzia bei kwa ajili ya risasi iliyomo. Usimpe mtu anayeivunja uani. Sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri ndiyo iliyowaumiza wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, ambako mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya Sh1.3 bilioni. Muulize muuzaji waziwazi betri anazozipokea zinapelekwa wapi, na akishindwa kujibu, nunua kwa jirani yake.