Filla ya midomo na mashavu hapa Lubumbashi: omba kwanza kuona dawa ya kuiyeyusha

Huduma ninayoipima hapa ni filla ya asidi ya hialuroniki, yaani jeli inayochomwa chini ya ngozi ili kuijaza: bomba moja la sindano la ml 1 kwenye midomo, na jingine la ml 1 lililogawanywa mashavu mawili. Ilifanywa na munganga (daktari) katika kliniki ya upande wa Golf. Matokeo ni mazuri, na nitayaeleza. Lakini kwa akina dada na akina mama wanaoniuliza kama waende, jambo la kwanza si uzuri wa midomo. Ni swali moja la kuuliza kabla hujatoa feza: "Munganga, hialuronidazi, dawa ya kuyeyusha filla, mnayo humu ndani, leo?" Akisema ipo, mwombe akuonyeshe kichupa na tarehe yake. Akisema itaagizwa ikihitajika, aga kwa heshima uende zako.

Asidi ya hialuroniki ni jeli. Mwili wetu wenyewe unayo ya aina hiyo kwenye ngozi na viungo, ila ile ya kiwandani imefungwa kwa kemikali ili isiyeyuke haraka. Hialuronidazi ni kimeng'enya kinachoikata jeli hiyo, na kazi yake inaanza kuonekana ndani ya saa chache, mara nyingine dakika. Mara nyingi huja kama unga kwenye kichupa cha yuniti 1500, na munganga huuchanganya na maji ya chumvi ya hospitali. Ni dawa hiyo tu inayoweza kurudisha nyuma kazi iliyoharibika, na ndiyo maana kwa mtu wa mara ya kwanza sipendekezi filla ya aina nyingine yoyote. Radiesse ni ya kalisiamu, Sculptra ni ya asidi ya polilaktiki. Zina kazi zake katika mikono inayozijua, lakini hialuronidazi haiziyeyushi. Zile za kudumu zenye chembe za plastiki ndizo mbaya zaidi kwa anayeanza: uso unabadilika na umri, zenyewe zinabaki palepale.

Silikoni ya maji usiiguse kabisa. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijaidhinisha silikoni ya kuchomwa ili kujenga umbo la mwili, na ikishasambaa kwenye nyama hakuna dawa ya kuiyeyusha. Mara nyingi ni kisu, na hata kisu hakiitoi yote. Nasema hivi kwa sababu wanaotangaza sindano za makalio na nyonga kwa WhatsApp huziita "filla" pia. Filla za usoni hazikuidhinishwa kwa kazi hiyo, na ml 1 haiwezi kujaza nyonga ya mtu mzima. Ukiambiwa unachomwa mamia ya mililita kwa bei ya chini, jua kwamba kilichomo si jeli ya hialuroniki.

Sasa boksi. Linatakiwa kuja mbele yako likiwa limefungwa, na bomba likiwa ndani ya plastiki yake isiyofunguliwa. Soma jina (Restylane na Juvéderm ndizo zinazojulikana sana, na kila moja ina aina kadhaa: laini ya midomo, ngumu ya mashavu), namba ya toleo, na tarehe ya mwisho. Ndani ya boksi kuna vibandiko vidogo vyenye namba hiyo. Kimoja kinabandikwa kwenye faili la kliniki, kingine ni chako. Boksi lisilo na vibandiko, au lenye namba isiyofanana na ya kwenye bomba, likatae. Bomba la ml 1 ni la mtu mmoja kwa siku moja. Kuna wanaotoa punguzo kwa marafiki wawili "wagawane", na kuna wanaoweka nusu iliyobaki kwenye friji hadi utakaporudi. Hata sindano ikibadilishwa, damu inaweza kuwa imerudi ndani ya bomba, na hapo tunazungumzia VVU na homa ya ini ya B na C. Uliza bei kwa bomba, usikubali bei ya "uso mzima".

Joto ni jambo ambalo hapa kwetu halizungumzwi vya kutosha. Jeli hizi zinahifadhiwa pasipozidi nyuzi 25, pasipo jua, na hazitakiwi kuganda. Mwezi wa kumi Lubumbashi inapita nyuzi 30 mchana. Bomba lililokaa ndani ya gari kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, au kwenye mkoba wa mfanyabiashara aliyetoka safari, limepita hapo zamani. Kwa macho hutaona tofauti. Ndiyo sababu ninapenda kliniki inayoagiza kupitia kwa mwakilishi anayetoa risiti, yenye chumba baridi na jenereta ya kushika kazi SNEL, shirika la umeme, ikikata. Usisahau kichupa cha hialuronidazi: aina nyingine zinahitaji friji ya nyuzi 2 hadi 8, nyingine hazihitaji. Imeandikwa kwenye karatasi yake, na munganga anapaswa kuijua bila kutafuta.

Mkono unaochoma uwe wa munganga aliyeandikishwa kwenye Ordre des médecins (baraza la madaktari), na uliza bila aibu amejifunza wapi kazi hii. Saloni ya nywele si mahali pake, hata kama binti anayechoma ana cheti kizuri ukutani. Tatizo likitokea hana ruhusa ya kutoa dawa wala hana dawa yenyewe. Kile kifaa kinachosukuma jeli kwa mgandamizo bila sindano, wanachokiita kalamu ya hialuroni, FDA ilikitolea onyo mwaka 2021: hakipimi kina, na kimejeruhi midomo, ngozi na macho ya watu.

Kwa nini nasisitiza hivi? Uso una mishipa mingi ya damu, na ateri za midomo zinapita karibu sana na mahali sindano inapoingia. Jeli ikiingia ndani ya ateri, au ikiibana kwa nje, ngozi inayolishwa na ateri hiyo inakosa damu na kuanza kufa. Paji la uso, katikati ya nyusi na puani ndipo pabaya kuliko kote, kwa kuwa mishipa ya hapo inaungana na ile inayokwenda jichoni. Tone dogo la jeli likisukumwa kwa nguvu linaweza kurudi nyuma hadi kwenye mshipa wa jicho, na retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikikosa damu kwa dakika 60 hadi 90 haiponi tena. Mtu anaweza kupofuka kwa sababu ya kutaka pua iliyonyooka. Pua, mimi siishauri kwa yeyote katika mji ambao huna uhakika wa kumpata munganga wa macho ndani ya nusu saa.

Dalili za mshipa kuziba zimeandikwa mahali pengi kwa kufikiria ngozi nyeupe: eti ngozi "inakuwa nyeupe, kisha nyekundu". Kwetu ni tofauti kidogo. Kwenye ngozi nyeusi, eneo linaweza kuonekana la kijivu au lililopauka kama majivu, kisha madoa ya zambarau iliyokolea yenye mchoro wa wavu. Wekundu unaweza usionekane kabisa. Kwa hiyo geuza mdomo utazame upande wa ndani, ambako rangi haifichi, na bonyeza kwa kidole: ukiachia, rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ikichelewa, au sehemu ikiwa baridi kuliko ya upande wa pili, ni dharura. Maumivu makali yanayozidi badala ya kupungua ni dalili pia, ingawa dawa ya ganzi iliyomo ndani ya jeli, lidokaini, inaweza kuyaficha kwa saa za mwanzo. Siku mbili tatu baadaye hutokea vipele vidogo vyenye usaha vilivyofuatana kwenye mstari, na wengi huvidhania chunusi au malengelenge ya homa. Hapo muda mzuri wa kuokoa ngozi unakuwa unakwisha.

Matibabu yake ni kuacha kuchoma mara moja, kukanda, kuweka kitambaa cha uvuguvugu (si barafu, kwa maana barafu hubana mishipa), na hialuronidazi nyingi eneo lote, kurudiwa kila saa hadi rangi irudi. Mamia ya yuniti kwa kila mzunguko. Kichupa kimoja mara nyingi hakitoshi, basi uliza vipo vingapi. Ikiwa uliwahi kuumwa na nyuki au nyigu ukavimba mwili mzima au kukosa pumzi, mwambie munganga kabla. Uwezekano wa mzio wa hialuronidazi ni mkubwa zaidi kwako, na adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, iwe karibu. Kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa, usichukue nafasi ya Ijumaa jioni. Chukua asubuhi ya Jumanne au Jumatano, munganga akiwa mjini siku zinazofuata, na uwe na namba ya simu inayopokewa usiku.

Maandalizi ni mafupi. Aspirini, ibuprofeni na mafuta ya samaki viache wiki moja kabla, kwa sababu vinaongeza kuvilia damu. Lakini kama aspirini au dawa nyingine ya damu uliandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache bila ruhusa ya aliyekuandikia. Pombe, saa 24. Anayepata malengelenge ya homa mdomoni aseme, apewe asikloviri kabla, kwani sindano huyaamsha. Jino bovu litibiwe kwanza, na wiki mbili zipite kati ya kiti cha meno na filla, kabla na baada. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye kovu linalokua na kuvimba, yaani keloidi, aonyeshe kovu lake.

Na mafuta ya ambi: hili liseme hata kama unaona haya, yaya. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi kali, na steroidi inayopakwa kwa muda mrefu inafanya ngozi kuwa nyembamba, ivilie damu kirahisi na ishindwe kupigana na vijidudu. Munganga asiyejua unapaka nini anachoma bila kujua.

Kwenye kiti, hatua nilizoziona ndizo ninazotaka uzione. Picha za mbele na za pembeni kabla ya chochote. Vipodozi vyote kutolewa, kisha ngozi kusafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Kama ni kloreksidini, isifike machoni, inaunguza konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho. Krimu ya ganzi dakika 20 hadi 30. Kwenye mashavu munganga alitumia kanula, ile yenye ncha butu, inayoingia kwa tundu moja na kupita chini ya ngozi. Kwa ngozi nyeusi ninaithamini sana: matundu machache ni madoa meusi machache baadaye. Midomo alichoma kwa sindano nyembamba, polepole, chini ya ml 0.1 kila mahali, huku akibonyeza na kutazama rangi kila mara. Alivuta bomba nyuma kabla ya kusukuma ili kuona kama damu inaingia. Ni desturi nzuri, lakini kutokuona damu si uhakika, kwa hiyo mwendo wa polepole ndio unaokulinda zaidi. Munganga anayemaliza midomo kwa dakika tatu ana haraka ya nini?

Kiasi: midomo yetu mingi haihitaji kujazwa. Inachopoteza kwa umri ni mstari wa pembeni na unyevu, na nusu ya bomba inatosha kurudisha hivyo. Mara ya kwanza usipite ml 1. Kuongeza baada ya wiki mbili ni rahisi, na picha za vijana wa mtandaoni zisikusukume. FDA yenyewe imeidhinisha filla hizi kwa watu wa miaka 22 na zaidi. Midomo inakaa miezi 6 hadi 12, mashavu mwaka na zaidi.

Baadaye, uvimbe unafika kilele siku ya kwanza na ya pili, na midomo inatisha kidogo asubuhi ya kwanza. Usihukumu umbo kabla ya wiki mbili. Barafu ndani ya kitambaa dakika 10, kama rangi ni nzuri. Bila vipodozi hadi kesho yake, bila mazoezi makali wala pombe siku moja au mbili, na usikande mwenyewe isipokuwa umeambiwa. Vinundu laini vya mwanzo huondoka vyenyewe. Kinundu kinachotokea wiki au miezi baadaye, chenye joto na maumivu, ni kingine: inaweza kuwa vijidudu vilivyojificha kwenye jeli, au mwili unaoikataa baada ya mafua au jipu la jino. Hicho hakikandwi wala hakipasuliwi na mtu wa saloni. Kinahitaji antibiotiki na uamuzi wa munganga kama jeli iyeyushwe.

Kliniki hii ningeirudia kwa sababu vichupa vya hialuronidazi vilikuwa viwili, vya tarehe nzuri, na kibandiko cha bomba nilipewa bila kukiomba. Walichokosa ni namba ya simu ya usiku. Haikuwa kwenye karatasi ya maelekezo, ilibidi niiombe mapokezi, nao wakaenda kuitafuta. Iandike kwenye simu yako kabla hujalipa, na uipige palepale uone kama inaita.